Waya bila daftari: Somo la hesabu kutoka kwa wajenzi wa ndege za nyumbani

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi huuchukulia usemi huo kuwa wa mwenye duka na mkopo wake, au wa mfugaji na maziwa yake. Lakini huko Marekani wapo watu wanaojenga ndege nyumbani, kwenye banda la kuegeshea gari, na wao wamekuja kugundua kwamba usemi huo unahusu hata waya wa umeme.

Mtu hutumia miaka kadhaa ya jioni na siku za mapumziko akipiga ribiti mabawa na mkia. Kazi hiyo inaonekana kwa macho, na jirani akipita husimama kuitazama. Kisha inafika zamu ya umeme. Hapo mjenzi mwenye busara haanzi kwa kuvuta waya. Anakaa mezani na penseli, rula na karatasi, na anaweza kukaa hapo kwa wiki nyingi bila kushika plaizi. Anayeruka hatua hiyo huokoa muda mwanzoni, lakini huulipa baadaye pamoja na riba.

Hesabu anazozifanya mjenzi huyo hazina siri. Ni zile zile zinazomhusu mwenye trekta, mwenye gari la mizigo na mwenye duka linalowashwa kwa sola, kwa sababu wengi wao hutumia betri ya volti 12. Tofauti ni kwamba gari likizima njiani dereva huegesha pembeni. Angani hakuna pembeni.

Ndege za kujijengea ni nini?

Sheria ya usafiri wa anga ya Marekani inamruhusu raia kujenga ndege yake mwenyewe, ilimradi sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Wenyewe huiita kanuni ya asilimia 51. Ndege ikikamilika hukaguliwa, hupewa cheti cha kundi la majaribio, kisha huanza kipindi cha kurushwa katika eneo maalumu, ambacho kwa kawaida ni saa 25 au 40 kutegemea aina ya injini na pangaboi.

Chama kikubwa cha wajenzi hao, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin na Paul Poberezny. Kila mwaka mwishoni mwa Julai wanachama wake hukutana mjini Oshkosh, ambako maelfu ya ndege hutua kwa wiki moja. Biashara nayo ikafuata. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven miaka ya 1970, huuza seti za vipuri vya ndege za alumini zinazoitwa RV, na zaidi ya ndege 11,000 za aina hiyo zimekwisha kuruka.

Seti ya vipuri huja na michoro ya mabati, matundu na ribiti. Umeme mara nyingi huachwa mikononi mwa mjenzi, kwa sababu kila mmoja huchagua redio, skrini na taa zake kulingana na mfuko wake. Maana yake ni kwamba ndege mbili zilizotokana na seti moja zinaweza kufanana kwa nje kama mapacha, huku waya zao za ndani zikiwa hazina undugu. Fundi aliyeizoea ya kwanza hawezi kuitengeneza ya pili kwa kumbukumbu. Anahitaji karatasi.

Hasara iliyowapata wakubwa

Anayedhani hayo ni mambo ya wajenzi wadogo tu na aitazame kampuni ya Airbus. Katika ndege yake kubwa ya A380 mlikuwa na waya zenye urefu wa takriban kilomita 530. Sehemu za mwili wa ndege zilitengenezwa Hamburg, Ujerumani, na kuunganishwa Toulouse, Ufaransa. Wahandisi wa pande hizo mbili walikuwa wakitumia matoleo tofauti ya programu moja ya kompyuta ya kuchorea. Mafungu ya waya yalipofika Toulouse, baadhi yalikuwa mafupi na hayakufika yalipotakiwa kufika.

Juni 14, mwaka 2006, baada ya kutangazwa kwamba ndege hizo zitachelewa, hisa za kampuni mama ya EADS zilishuka kwa takriban robo ya thamani yake katika siku moja. Oktoba mwaka huo kampuni ilikiri kwamba ucheleweshaji utafikia miaka miwili na utaipunguzia faida kwa mabilioni ya euro. Bawa halikuvunjika wala injini haikushika moto. Kilichokosewa ni kumbukumbu za waya.

Hasara nyingine hazihesabiki kwa fedha. Septemba 2, mwaka 1998, ndege ya Swissair iliyokuwa ikitoka New York kwenda Geneva ilianguka baharini karibu na pwani ya Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 wakafa. Wachunguzi wa Kanada walieleza kwamba moto yaelekea ulianzia kwenye cheche za waya juu ya dari, nyuma ya chumba cha marubani, kisha ukashika vitambaa vya kuzuia joto. Mmoja wa waya zilizohusishwa ulikuwa wa mfumo wa burudani ya abiria, mfumo ulioongezwa ndege ikiwa tayari kazini. Vikata umeme vilivyokuwepo havikuweza kuzitambua cheche hizo kwa wakati.

Mjenzi wa nyumbani huondoka na mambo mawili katika visa hivyo. Kwanza, mchoro usiolingana na kitu chenyewe unaweza kuwa na madhara kuliko kukosa mchoro kabisa. Pili, kila kinachoongezwa baadaye kinahitaji kupangwa upya kama vile ndio kwanza kazi inaanza.

Hatua ya kwanza: Orodha ya walaji

Mkulima kabla ya kununua pampu hujiuliza shamba litakunywa maji kiasi gani. Mjenzi wa ndege hufanya hivyo hivyo. Huorodhesha kila kifaa kitakachokula umeme na kuandika mbele yake ampea kinazotumia, kama kinatumika muda wote au kwa vipindi, na kama ndege inaweza kufika salama bila hicho kifaa.

Chukua mfano wa ndege ndogo yenye alteneta ya ampea 60. Kipashio cha bomba la kupimia mwendo, ambacho huzuia barafu, kinaweza kula ampea 10. Taa za kutulia zikala 4, taa za pembeni na za kumetameta 5, pampu ya mafuta ya umeme 5, skrini na vyombo vya kuongozea 8, redio na vifaa vya kujitambulisha kwa rada 4. Betri iliyopungua nayo hudai chake wakati wa kuchajiwa, tuseme 6. Jumla ni ampea 42.

Miongozo ya mamlaka ya anga ya Marekani hupendekeza mzigo wa kudumu usizidi takriban asilimia 80 ya uwezo wa alteneta. Asilimia 80 ya 60 ni 48, hivyo ndege hii imesalimika, na ina akiba ya ampea 6. Lakini mjenzi akija kutamani kiti chenye kipashio cha umeme, orodha itamjibu kabla hajatoa pesa mfukoni.

Kisha hesabu hugeuzwa: je, alteneta ikifa angani? Tuseme betri ni ya saa-ampea 16, na kwa sababu ya uzee mjenzi anaitegemea kwa robo tatu tu, yaani 12. Rubani akiacha kila kitu kikiwaka, mzigo ni ampea 36, na 12 gawanya kwa 36 ni theluthi moja ya saa, au dakika 20. Kwa kweli hupungua zaidi ya hapo, maana betri inayokamuliwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa. Akizima vyote na kubaki na skrini moja na redio, tuseme ampea 8, anapata saa moja na nusu.

Dakika 20 au saa moja na nusu: betri ni ile ile. Tofauti inatokana na mpango uliofanywa mezani, kwamba vifaa vya lazima viwekwe kwenye tawi lao, lenye njia yake ya kupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, na rubani awe na karatasi inayomwambia azime nini kwanza. Robert Nuckolls, mhandisi wa Kansas aliyeandika kitabu cha AeroElectric Connection, amewafundisha wajenzi wengi mpangilio wa namna hiyo.

Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi. Injini nyingi za zamani za ndege ndogo hutumia magneto, ambayo hujitengenezea cheche bila kuitegemea betri. Wajenzi wengi wa sasa huchagua mifumo ya kielektroniki ya kuwasha na kupuliza mafuta kwa sababu hubana matumizi. Mifumo hiyo mingi ikikosa umeme, injini nayo huzima. Anayechukua faida ya mafuta sharti apange pia betri au chanzo cha pili.

Hatua ya pili: Unene wa waya

Waya ni kama bomba la maji. Ukiwa mwembamba na safari ni ndefu, kinachofika mwisho ni kidogo kuliko kilichotoka. Wamarekani hupima unene kwa namba za AWG, ambazo humchanganya mgeni kwa sababu namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Namba 22 ni karibu theluthi moja ya milimita ya mraba, namba 14 ni zaidi kidogo ya milimita mbili za mraba.

Kwa ndege ya mfumo wa volti 14, yaani betri ya volti 12 na alteneta yake, miongozo ya Marekani huruhusu kupotea kwa nusu volti tu kwa kifaa kinachofanya kazi muda wote, na volti moja kwa kifaa cha muda mfupi.

Chukua taa ya kutulia ya zamani ya wati 100. Wati 100 gawanya kwa volti 14 ni kama ampea 7. Kutoka kwenye dashibodi hadi ncha ya bawa ni, tuseme, mita 5. Waya wa namba 20 una ukinzani wa takriban ohm 0.033 kwa mita, hivyo mita 5 ni ohm 0.165. Zidisha kwa ampea 7, unapoteza karibu volti 1.2. Ni nyingi mno. Waya wa namba 16 hupoteza kama volti 0.46, ukapita kwa tabu. Namba 14 hupoteza volti 0.29, ukapita kwa raha.

Hapo mjenzi wa ndege ya alumini ana bahati, kwa sababu umeme hurudi kupitia mwili wa ndege kama unavyorudi kupitia bodi ya gari. Mwenzake anayejenga kwa nyuzi za kioo na gundi hana njia hiyo. Lazima avute waya wa kurudia, na safari inakuwa mita 10. Namba 14 sasa hupoteza volti 0.58, umeshindwa, na analazimika kwenda namba 12.

Lakini hesabu hiyo hiyo inaweza kuokoa pesa. Akibadili taa na kuweka ya LED inayokula ampea 2 tu, waya mwembamba wa namba 20 unatosha kwenye bawa la alumini, kwa kupoteza volti 0.33. Shaba imepungua, uzito umepungua. Katika ndege kila kilo ina bei. Kebo nene ya stata ya namba 2 ina shaba ya kama gramu 300 kwa kila mita. Mwenye kuamua kuweka betri mkiani ili kusawazisha uzito, halafu akavuta mita nne hadi kwenye injini, ameongeza kilo 1.2 kabla ya kuhesabu ganda la plastiki.

Fyuzi inamlinda nani?

Watu wengi hudhani fyuzi huwekwa ili kulinda redio au taa. Wajenzi hufundishwa tofauti: fyuzi inalinda waya. Redio ikiungua ni hasara ya redio. Waya ukiungua ndani ya fungu huunguza majirani zake wote, hutoa moshi, na huenda ukawasha ndege.

Kwa hiyo ukubwa wa fyuzi hufuata unene wa waya, si tamaa ya kifaa. Kwa waya wa namba 22, jedwali la miongozo ya Marekani huweka kikata umeme cha ampea 5. Kwa namba 18 ni ampea 10. Kwa namba 14 ni ampea 20. Fyuzi ikikatika kila mara, kuweka kubwa zaidi kwenye waya ule ule ni kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yuko ndani. Dawa ni kutafuta hitilafu, au kubadili waya na fyuzi kwa pamoja.

Fyuzi hukaa karibu na chanzo cha umeme, mwanzoni mwa waya. Kipande chochote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na ndiyo maana hufanywa kifupi iwezekanavyo.

Mchoro, namba na daftari

Baada ya hesabu hizo mjenzi huchora. Hachori ndege nzima kwenye karatasi moja kama utando wa buibui. Kila saketi hupewa ukurasa wake: taa za kutulia ukurasa mmoja, pampu ya mafuta ukurasa mwingine, redio mwingine. Fundi anayetafuta tatizo la pampu hafungui habari za taa.

Kila waya hupewa jina. Utaratibu uliozoeleka katika ndege ni wa herufi na namba. Waya wenye alama L5A22 husomeka hivi: L ni taa, 5 ni namba ya waya katika saketi za taa, A ni kipande cha kwanza cha waya huo, na 22 ni unene wake. Ukipita kwenye swichi na kuendelea, kipande kinachofuata huitwa L5B22. Ukiishia kwenye mwili wa ndege, huongezwa N mwishoni.

Jina hilo huandikwa kwenye kijibomba cha plastiki kinachonywea kikipashwa moto, na huvishwa ncha zote mbili. Mjenzi mvivu huandika ncha moja, akijiambia ile nyingine ataikumbuka. Miaka mitatu baadaye, akiwa amelala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, waya kumi nyeupe zinamtazama na hakuna hata mmoja unaomwambia jina lake. Na waya nyeupe ni kawaida, kwa kuwa waya wa ndege wenye ganda la Tefzel, linalohimili joto la nyuzi 150, huuzwa sana kwa rangi hiyo.

Pamoja na michoro kuna orodha kuu ya waya. Ni jedwali la kawaida, la kalamu au la kompyuta, na kila mstari ni waya mmoja: jina, unapotoka, unapoishia na kwenye pini ya ngapi, unene, rangi, urefu, fyuzi yake, tarehe ulipovutwa, na safu ya mabadiliko. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kanuni yake ni moja: waya uliobadilishwa leo huandikwa leo, kabla ya kunawa mikono.

Mwisho ni picha. Kabla ya bati la bawa kufungwa, mjenzi hupiga picha kila kona, akiweka rula ndani ya picha ili ukubwa ujulikane. Picha hizo humsaidia mara mbili: humwonyesha mkaguzi kwamba kazi ilifanywa na mwenyewe, na humwonyesha fundi wa baadaye kilichojificha nyuma ya bati. Nakala huwekwa sehemu mbili tofauti, maana daftari lililohifadhiwa ndani ya banda huungua pamoja na banda.

Kamba hukatikia pabovu

Mpango mzuri unaweza kuharibiwa na mkono mbaya. Katika ndege adui mkubwa ni mtikisiko. Waya uliolehemiwa kwa risasi huwa mgumu pale risasi inapoishia, na bila kushikiliwa hukatikia hapo hapo. Kwa hiyo vichwa vingi vya waya hubanwa kwa koleo maalumu lenye meno, ambalo halifunguki mpaka limebana kwa kiwango kilichowekwa. Kila kichwa huvutwa kwa mkono kupimwa. Kinachochomoka mezani kingechomoka angani.

Waya unapopita kwenye tundu la bati huwekewa mpira pembeni, kwa sababu ukingo wa alumini hukata ganda kidogo kidogo kila injini inapotikisika. Mafungu hufungwa kwa vibano vyenye mpira na huwekwa mbali na bomba la moshi na mabomba ya mafuta. Wajenzi wenye kuona mbali hupitisha ndani ya bawa bomba jembamba la plastiki na uzi wa akiba, ili waya wa kesho uvutwe bila kubomoa kitu.

Ardhi, yaani njia ya kurudi ya umeme, nayo hupangwa. Vifaa vinavyorudisha umeme mahali tofauti tofauti huingiza mlio kwenye vipokea sauti vya rubani, mlio unaopanda na kushuka na injini. Dawa yake ni kukusanya marejeo ya redio na vyombo sehemu moja. Mwenye mchoro huona kosa hilo kwenye karatasi. Asiye na mchoro hulitafuta kwa wiki nzima, na mara nyingi hununua redio mpya ambayo nayo itapiga mlio ule ule.

Mmiliki wa pili

Ndege huuzwa. Hapa ndipo daftari linapogeuka kuwa fedha taslimu.

Nchini Marekani aliyejenga ndege anaweza kupewa cheti cha ufundi cha ndege hiyo, kinachomruhusu kuifanyia mwenyewe ukaguzi wa kila mwaka. Cheti hicho hakihamishwi pamoja na ndege. Mara nyingi mnunuzi humlipa fundi mwenye leseni, na fundi huyo hulipwa kwa saa. Ndege yenye michoro, orodha ya waya na picha humchukua muda mfupi. Ndege isiyo na karatasi humlazimu afuatilie waya mmoja mmoja kwa vidole, huku saa inahesabu. Mnunuzi mjanja anajua hilo, na hulikata kwenye bei.

Lipo pia jambo zito kuliko bei. Oktoba 12, mwaka 1997, mwanamuziki maarufu John Denver alikufa katika ghuba ya Monterey, California, akiwa peke yake kwenye ndege ya kujijengea aina ya Long-EZ. Hakuijenga yeye, alikuwa ameinunua muda mfupi kabla. Wachunguzi waligundua kwamba aliyeijenga alihamisha mkono wa kuchagua tangi la mafuta kutoka mahali pake kwenye michoro na kuuweka nyuma ya bega la rubani, ambapo haukufikika kwa urahisi, na kwamba haukuwa na alama. Haikuwa waya, ilikuwa vali. Lakini kisa kinafanana. Aliyejenga alijua kichwani mwake kila kitu kilipo. Ujuzi wa kichwani haukuuzwa pamoja na ndege.

Somo kwa mwenye trekta na mwenye duka

Hesabu za bawa la ndege zinaingia moja kwa moja dukani. Mwenye sola ya volti 12 anayetaka kuwasha vifaa vya wati 60 umbali wa mita 10 anahitaji ampea 5. Akitumia waya wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba, safari ya kwenda na kurudi ni mita 20, ukinzani ni kama ohm 0.24, na anapoteza volti 1.2. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya umeme alioulipia, imegeuka joto ndani ya ukuta. Kwa waya wa milimita 4 hasara hushuka chini ya nusu volti. Kabla ya kulaumu paneli au betri, na apime kwanza waya.

Mwenye trekta au gari anaweza kuanza na daftari la shilingi chache. Aandike kila fyuzi ni ya nini na ni ya ampea ngapi. Kila fundi anayefungua waya aandike alichobadilisha, akitaja rangi, unene na tarehe. Taa za ziada, pampu ya dawa au redio ikifungwa, iwe na fyuzi yake karibu na betri, na ncha zote mbili za waya zivishwe jina. Kwa umeme mkubwa wa nyumba na mashine za kusaga, kazi ni ya fundi mwenye leseni, lakini mwenye mali ana haki ya kumdai mchoro kabla ya kumlipa sehemu ya mwisho ya malipo.

Gharama ya hayo yote ni karatasi, kalamu na nusu saa. Gharama ya kutoyafanya hujitokeza msimu wa kulima umefika, trekta haliwaki, na fundi aliyevuta zile waya amehamia mji mwingine akiwa na mchoro wote kichwani.